Boma la Mawe na Nyumba za Majani: Habari za Majengo ya Arusha na Meru

Kusudi la makala hii ni kueleza habari za majengo ya nchi ya Arusha na Meru, yale yaliyohifadhiwa na yale yaliyotoweka, na jinsi makumbusho yawezavyo kuyashuhudia yote. Wengi huingia katika nyumba ya makumbusho wakidhani ya kuwa kitu kilichowekwa pale hujieleza chenyewe. Sivyo. Jengo ni kama shahidi aliyeitwa barazani: hujibu aulizwalo, na asipoulizwa hunyamaza. Jengo la mawe hudumu kwa nguvu ya mawe yake, hata ikiwa hapana amkumbukaye mjenzi. Nyumba ya majani haina nguvu hiyo. Ikishaanguka hudumu kwa maneno tu, nayo maneno hufa pamoja na wenye kuyasema.

Sisi tuandikao haya tu wenyeji wa Lemara, katika jiji la Arusha. Hapa petu nyumba za siku hizi ni za matofali ya saruji na mabati. Mtoto akiambiwa achore nyumba, huchora kuta zenye pembe na paa juu yake, wala haimjii moyoni ya kuwa wazee wake walizaliwa na kufa katika nyumba zisizo na pembe hata moja. Hatumlaumu mtoto, maana hakuna aliyemwonyesha. Lakini mji huo huo una jengo ambalo kila mtu hulijua, nalo ni Boma la Wajerumani. Basi na tuanze nalo, tena tuanze na jina lake.

I. Neno boma

Wako wasemao ya kuwa boma ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza, zilizoachwa na serikali ya Waingereza. Habari hiyo hupendwa na wengi, walakini si kweli. Kamusi ya Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilipigwa chapa mwaka 1882, muda mfupi baada ya kufa kwake. Na neno boma limo, likielezwa kuwa kizuizi cha kuulinda mji au kijiji, kikiwa cha mawe, au cha miti, au cha kichaka cha miiba. Henry Stanley naye alilitumia katika kitabu cha safari yake ya kumtafuta Livingstone, kilichotoka mwaka 1872. Waingereza hawakutawala Tanganyika mpaka wakati wa vita vya 1914 hata 1918. Basi neno haliwezi kuwa mtoto wa serikali iliyokuja nyuma yake.

Maana ya kwanza ya neno hili, kwa hiyo, ni ulinzi: mtu amezungusha miti au miiba ili watu wake na wanyama wake walale salama. Maana hiyo haijafa. Njiani kwenda Moshi uko mji uitwao Boma la Ng'ombe, na wafugaji wakisema Kiswahili huyaita makao yao maboma, ingawa katika Kimaasai, lugha ambayo Waarusha pia huisema, makao yote huitwa enkang na nyumba moja huitwa enkaji. Walipokuja Wajerumani wakajenga ngome zao, watu waliziita kwa jina hilo hilo. Na kwa kuwa ndani ya ngome ndimo zilimokuwa ofisi, kodi na kifungo, boma likawa maana yake ni serikali. Hata leo wachungaji wanaijua ndoa ya bomani, nayo haina miti wala miiba. Hivyo neno moja limetembea kutoka zizi la ng'ombe mpaka meza ya karani. Neno la mwenyeji la kulinda mifugo yake lilihamia kwenye jengo la kumlinda mgeni.

II. Kujengwa kwa Boma la Arusha

Habari za mwanzo wake zina huzuni. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika nchi ya Meru. Vifo vyao vimesimuliwa sana makanisani, na ni haki visimuliwe. Yaliyofuata husimuliwa kwa uchache. Kapteni Johannes alitoka Moshi na askari wake, pamoja na mashujaa wa Kichagga, akaishambulia nchi. Nyumba zilichomwa moto, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Mashambulio hayo hayakuwa ya mara moja. Yalirudiwa katika miaka iliyofuata. Mwezi wa Machi mwaka 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na wakuu wengine wengi, na miongoni mwao walikuwamo wa Meru na Arusha.

Mwaka huo huo wa 1900 ndipo Boma la Arusha lilipojengwa. Waarusha na Wameru walilazimishwa kufanya kazi hiyo. Msomaji na ayatazame mambo haya kwa utaratibu wake. Watu walewale ambao nyumba zao za majani zilikuwa zimechomwa ndio walioletwa kuchukua mawe ya nyumba ya aliyezichoma. Kwao kuta za mawe zilizopakwa chokaa, zenye ua katikati, zilikuwa namna mpya ya jengo, nao walijifunza namna hiyo chini ya amri. Ndiyo sababu twasema ya kuwa jengo hili ni ushahidi wa mambo mawili. Ni ushahidi wa ufundi na nguvu ya Wajerumani. Tena ni ushahidi wa mabega ya watu wa mlimani, maana hapana jiwe lililopanda ukutani lenyewe.

Baadaye wamisionari walirudi. Kituo cha Nkoaranga katika Meru kilianzishwa mwaka 1902, na cha Ilboru, karibu na mji wa Arusha, mwaka 1904. Mwezi wa Machi mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji, na Boma likapata bwana mwingine. Liliendelea kuwa mahali pa utawala mpaka mwaka 1934. Tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Aingiaye hujifunza habari za viumbe na za watu wa kale, kama zile nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978. Mbali kidogo na hapo iko nyumba nyingine iliyohifadhiwa kwa sababu ya jambo lililotendeka ndani yake: ukumbi ambamo wakuu wa TANU walikutana mwezi wa Januari mwaka 1967, na ambao tangu mwaka 1977 ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ukumbi ule haukujengwa kwa uzuri wa kutazamwa. Umehifadhiwa kwa ajili ya maneno yaliyosemwa ndani yake. Maneno hayo yangesahauliwa, ungekuwa ukumbi kama kumbi nyingine.

III. Nyumba isiyo na ukuta

Sasa tuigeukie nyumba ambayo haikubaki. Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichagga, na Wachagga wenyewe walijenga nyumba za mviringo ambazo Kiswahili huziita msonge. Katika nyumba ya Kichagga ya zamani miti ilisimamishwa kwa duara, fito zikafungwa kuizunguka, zikipungua upana wake kadiri zinavyopanda, hata juu kabisa yote yakakutana. Kisha nyumba iliezekwa kwa nyasi au kwa majani makavu ya migomba kutoka kileleni hata chini ardhini. Ndani waliishi watu na mifugo pamoja, jiko likiwa kati yao, na juu ulikuwako utaa wa kuwekea kuni na chakula.

Mwalimu afundishaye kwa Kiswahili akitaka kuieleza nyumba hiyo atapata taabu, na taabu hiyo ina mafunzo. Maneno yetu ya ujenzi mengi yalizaliwa pwani, kwenye nyumba ya pembe nne. Huko kuna nguzo na kiambaza. Juu ya kiambaza hulala mtambaapanya. Makombamoyo hutoka juu ya paa hata upenuni, na juu yake hufungwa fito, kisha makuti. Kuna kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Kuna baraza ambapo mgeni huketi kabla hajakaribishwa ndani. Kila neno lina mahali pake. Lakini katika msonge uliofunikwa hata ardhini, ukuta uko wapi, na paa limeanzia wapi? Paa ndilo ukuta, na ukuta ndio paa. Neno mtambaapanya halina pa kukaa, maana hapana ukuta ambao panya atambae juu yake. Kipaa cha mbele na cha nyuma havipo, kwa kuwa duara haina mbele ila penye mlango.

Basi mwalimu akiandika ya kuwa nyumba za kale za Meru zilikuwa na kuta za majani na paa la majani, ameigawa nyumba ambayo wenyewe hawakuigawa. Ameipa nyumba ya mlimani mifupa ya nyumba ya pwani. Sehemu zake hasa zina majina katika Kirwa na katika Kichagga, nayo majina hayo ndiyo yatuonyeshayo jinsi mjenzi alivyoiona nyumba yake: ni ipi aliyoihesabu kuwa sehemu moja, na ni ipi aliyoihesabu kuwa mbili. Picha haiwezi kutueleza hilo.

Tena zingatia ya kuwa nyumba na kazi haziwezi kutengwa. Kwa Wamaasai mwanamke ndiye mjenzi wa enkaji. Yeye hukata na kukunja vijiti, naye hukandika kwa matope na samadi ya ng'ombe. Aonaye nyumba hiyo pasipo kujua hayo ameona umbo lake tu, na hajui nyumba ni ya nani wala heshima ya mwenye kuijenga ni ipi.

IV. Mifano ya nyumba

Watu wa nchi nyingi wamejaribu kuzihifadhi nyumba za namna hii kwa kuzijenga tena mahali pa kutazamwa. Huko Stockholm, Artur Hazelius alifungua mwaka 1891 makumbusho ya wazi yaitwayo Skansen, akikusanya nyumba za wakulima wa Uswidi wakati viwanda na miji vilipokuwa vikiyabadili maisha yao. Wazo hilo lilienea duniani. Kwetu Tanzania Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kando ya njia ya Bagamoyo, na ndani yake zimejengwa nyumba za makabila mengi kwa ukubwa wake wa kweli: tembe la Wagogo lenye paa la udongo, nyumba ya Wazaramo yenye pembe nne, msonge wa Wahaya, na nyinginezo. Nchini Kenya, Bomas of Kenya ilianzishwa Langata, Nairobi, mwaka 1971, nayo ina makao ya makabila ya nchi ile. Msomaji ataona ya kuwa neno letu boma limerudi pale kwenye maana yake ya zamani, yaani makao ya watu.

Faida ya nyumba hizi ni kubwa. Mfano mdogo wa kuwekwa mezani huonyesha umbo la paa, lakini aliyekuwa mkubwa huutazama kutoka juu, kama ndege. Nyumba ya ukubwa wake wa kweli humlazimisha mtu ainame mlangoni. Na akishainama, ameelewa jambo la ulinzi na adabu ambalo vipimo haviwezi kumweleza. Adui aingiaye hutanguliza kichwa chake, na mgeni aingiaye huanza kwa kuinama.

Walakini nyumba ya makumbusho ina upungufu mmoja, nao ni huu: haina moto. Katika msonge ukaliwao, moshi wa jiko hupanda ukapenya katika nyasi kila siku. Huzikausha, hufukuza wadudu, hata nyumba ikadumu. Nyumba isiyokaliwa hunyeshewa isikauke, mchwa huingia, na majani huoza upesi. Kwa hiyo mfano huhitaji kuezekwa tena na tena. Na kila mara aezekaye asipojua sawasawa njia ya zamani, hubadili kidogo. Baada ya miaka mingi chaweza kusimama kitu chenye umbo la msonge, lakini kilichofungwa kwa mkono wa mtu mwingine na kwa akili nyingine. Nyumba ya majani haihifadhiwi kwa kuachwa kama ilivyo, bali kwa kutengenezwa daima na watu waijuao.

V. Habari za Kasubi

Ushahidi mkubwa wa neno hilo tumeupata kwa jirani zetu wa Uganda. Huko Kasubi, Kampala, iko nyumba kubwa ya mviringo iliyojengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Mutesa I, na tangu alipokufa mwaka 1884 imekuwa kaburi lake na la Makabaka waliomfuata. Chini ya paa lake zimefungwa pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto.

Lau nyumba hiyo ingekuwa mawe na michoro tu, wangeitwa wahandisi. Lakini kuezeka kwake ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, ambao tangu zamani wamepewa heshima na amri juu yake. Wao wajua jinsi nyasi zifungwavyo, ni nani apandaye na ni nani asiyeruhusiwa kukaribia. Kwa sababu ujuzi huo ulikuwa bado mikononi mwa watu, nyumba iliwezekana kujengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Moto uliteketeza majani na miti, wala haukuyateketeza maneno. Hapo ndipo tuonapo tofauti ya kilichopotea na kilichoanguka.

VI. Hasara iliyo karibu nasi

Msomaji aweza kuuliza, Kwani yote haya yana haja gani? Nyumba za majani zilikuwa na moshi, zilikuwa na giza, na hapana atakaye kurudi ndani yake. Ni kweli, wala sisi hatumwiti mtu arudi. Haja ni hii: nyumba ni ushahidi ya kuwa watu wamekaa mahali. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili nchi yao ipewe walowezi Wazungu wa kufuga ng'ombe. Nyumba zao zilibomolewa na kuchomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, na dunia ikasikia habari za mlima wetu. Alikwenda na nini? Hakuchukua ukuta wala nguzo, kwa kuwa vilikuwa majivu. Alikwenda na maneno ya watu waliokuwa wamekaa pale.

Hivyo mara mbili katika miaka 60, mwaka 1896 na mwaka 1951, nyumba za watu wa Meru zilichomwa kwa amri ya serikali, nayo nyumba ya serikali ikabaki ikisimama. Mgeni ajaye leo akitazama tu kilichobaki, atadhani ya kuwa historia ya ujenzi katika nchi hii ilianza mwaka 1900. Hakuna aliyemwambia uongo. Mawe yamemwambia sehemu moja ya kweli, na majani hayakuwa na wa kuyasemea.

VII. Kazi ya walimu na wachungaji

Krapf aliandika maneno ya watu aliokaa kati yao, na kamusi yake ndiyo iliyotupa leo nguvu ya kukana uongo juu ya neno boma. Kazi kama hiyo yaweza kufanywa na kila mwalimu na kila mchungaji wa Meru, Arusha na Kilimanjaro, maana wao huingia nyumbani mwa wazee kuliko mtu mwingine yeyote. Twawashauri waulize mambo machache, wayaandike kwa lugha ya mwenyeji kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Na waulize jina la kila sehemu ya nyumba, kutoka kileleni hata kizingitini. Na mahali ambapo Kiswahili hakina neno, wasilazimishe neno la pwani, bali waeleze kwa maneno mengi. Na waulize ni nani aliyekata miti, ni nani aliyekata nyasi, ni nani aliyefunga, na ni kazi gani iliyokuwa mwiko kwa mume au kwa mke. Na waulize mahali pa kulala pa kila mtu, na pa mgeni, na pa ndama. Na waulize moto wa kwanza wa nyumba mpya uliletwa kutoka wapi na uliwashwa na nani. Na mzee akisema ya kuwa babu yake alichukua mawe ya Boma, na waandike jina la babu huyo, na njia aliyopita, na jinsi alivyoisimulia taabu yake.

Kisha wanafunzi na wajenge mfano, hata ukiwa mdogo wa kukaa juu ya meza ya darasa, wakiufunga kwa kamba za migomba mbele ya mzee aliyewaelekeza. Na kila sehemu ibandikwe jina lake. Mfano huo utaoza baada ya miaka michache, wala si neno, maana darasa lijalo litajenga mwingine. Lakini daftari la majina lisiachwe lioze. Na liandikwe mara mbili, moja libaki shuleni, na la pili lipelekwe makumbusho, likawekwe ndani ya kuta zile za mawe ambazo wazee wa watoto hao walizichukua mabegani mwao.